Mpira Husomwa Kwenye Kona

Nikimpelekea fundi wangu wa viatu mpira uliofumuka, haanzi na pale ulipofumuka. Kibanda chake kiko Kawangware, Nairobi, na kwa miaka ambayo nimewafundisha watoto kandanda huko Riruta nimekikalia kigoda chake mara nyingi. Huupokea mpira, akaubana mapajani, akaanza kuupapasa kwa dole gumba, taratibu, akiufuata mshono mpaka pale mishono mitatu inapokutana. Hapo husimama na kukandamiza. Kisha huhamia kona nyingine, na nyingine. Siku moja nilimuuliza, "Mzee, shimo si hili hapa upande wa pili?"

"Mwalimu," akanijibu bila kuinua kichwa, "hilo ni pale uzi ulipokatika. Mimi natafuta pale ulipoanza kuchoka. Angalia njia panda."

Njia panda ndilo jina lake la kona. Mpira wa kawaida wa vipande 32 una njia panda 60, na baada ya kununua mipira mingi, mizuri na mibaya, nimefikia uamuzi ambao fundi yule aliufikia zamani kwa vidole vyake. Ubora wa mpira hausomwi kwenye jina la kampuni lililochapwa juu yake, wala kwenye mng'ao wake. Husomwa kwenye kona. Sababu yake ni ya hesabu, na hesabu hiyo waliifanyia kazi wachoraji wa Italia miaka zaidi ya 500 iliyopita, kabla ya mtu yeyote kuwaza kuitia ngozi na upepo.

Basi tuanze na kuhesabu, maana mnunuzi asiyejua idadi ya vipande huuziwa chochote. Mpira huu una vipande 12 vya pembetano, ambavyo kwa desturi hutiwa rangi nyeusi, na vipande 20 vya pembesita, ambavyo huachwa vyeupe. Pembetano huzungukwa na pembesita tano na kamwe haigusani na pembetano mwenzake. Pembesita nayo huzungukwa kwa zamu: nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe. Ukiushika mpira dukani, chagua kipande cheupe kimoja, kizungushe kidole pembeni mwake. Zamu ikivunjika, weka chini uende zako. Mara nyingi huo ni mpira wa kufinyangwa, uliochorewa mistari ili ufanane na kitu kilichoshonwa. Ukucha ukiupitisha kwenye mstari, unateleza. Kwenye mshono wa kweli ukucha huzama.

Kwa nini idadi iwe hiyo na si nyingine? Chukua umbo lenye pembetatu 20 zilizo sawa, ambalo wanahisabati huliita ikosahedroni. Lina ncha 12, na kwenye kila ncha pembetatu tano hukutana. Gawa kila ukingo mara tatu, kisha ukate kila ncha kwenye theluthi ya kwanza, kama unavyokata ncha ya kiazi. Pale palipokuwa na ncha sasa pana uso wa pembe tano. Ile pembetatu iliyopoteza ncha zake zote tatu imebaki na pembe sita. Ncha 12 zimezaa pembetano 12. Pembetatu 20 zimezaa pembesita 20. Huo ni mpira kabla ya kutiwa upepo.

Archimedes alilijua umbo hili pamoja na ndugu zake 12, lakini maandishi yake yalipotea. Habari zake tunazo kwa sababu Pappus wa Aleksandria aliyataja maumbo hayo karne nyingi baadaye. Aliyelirudisha duniani, kwa kadiri ya vitabu vilivyosalia, ni mchoraji: Piero della Francesca, mtu wa mji mdogo wa Sansepolcro, katika kitabu cha Kilatini alichokiandika uzeeni kuhusu maumbo matano ya kawaida na yale yanayozaliwa kutokana nayo. Piero alikuwa mtu wa ukuta na rangi, na papo hapo mtu wa hesabu ngumu. Alifariki mwaka 1492. Mwenyeji mwenzake, mtawa Luca Pacioli, aliichukua kazi hiyo akaitia ndani ya kitabu chake *Divina proportione*, kilichochapwa Venice mwaka 1509, bila kumpa Piero haki yake. Giorgio Vasari alimshutumu kwa hilo mwaka 1550, na mimi niko upande wa Vasari. Hata hivyo Pacioli alitufanyia jambo moja kubwa. Alimpata Leonardo da Vinci amchoree maumbo.

Nitarudi kwa Leonardo, maana kuna alichokifanya kinachomhusu mshonaji wa mpira moja kwa moja. Kwanza kona.

Pembe ya pembetano ni digrii 108. Pembe ya pembesita ni digrii 120. Kwenye kila njia panda hukutana pembetano moja na pembesita mbili: 108 na 120 na 120, jumla 348. Mzunguko kamili ni 360. Kwa hiyo ukivilaza vipande vitatu mezani vikiwa vimegusana, utabaki ufa mwembamba wa digrii 12, kama mlango ambao haukufungwa vizuri. Ili kuuziba ufa huo hakuna njia ila ngozi iinuke kutoka mezani. Kuinuka huko ndiko kunakoufanya mpira uwe mviringo. Kabla ya upepo, hakuna kitu kingine. Katikati ya kipande, ngozi ni bapa tu; kwenye ukingo imekunjwa; lakini mviringo wenyewe unazaliwa konani, digrii 12 kwa kila kona, kona 60, jumla digrii 720. Na kila kona imepewa mzigo ulio sawa na wa mwenzake. Fundi akikosea kona moja, amenyima mpira sehemu moja kati ya 60 ya umbile lake, na kona za jirani ndizo zitakazovutwa kulipa deni hilo.

Ndiyo maana mimi hutazama pale kwanza. Kona nzuri inafanana na herufi Y iliyoandikwa kwa kalamu nyembamba: mistari mitatu inaingia kwenye nukta moja na kunyamaza. Kona mbaya ina dalili tatu. Ya kwanza ni tundu, dogo kama kichwa cha pini, pale ambapo vipande vitatu havikufika. Humo ndimo maji na mchanga mwekundu wa huku kwetu Dagoretti vitakapoingilia kuusaga uzi. Ya pili ni mkunjo, ngozi imejikusanya kama kiuno cha sketi, maana kipande kimoja kilikatwa kikubwa kuliko wenzake na fundi akalazimika kukificha kile kilichozidi. Ya tatu huonekana kwa kidole kuliko kwa jicho: ngazi. Kipande kimoja kimekaa juu kidogo ya jirani yake. Funga macho, pitisha dole gumba. Ukikwaa, umeipata.

Usiangalie kona moja ukaridhika. Kagua angalau 12, kwa kuizunguka kila pembetano na kuchagua kona moja. Nikikuta kona mbili mbaya kati ya hizo, siununui, hata nikipunguziwa bei.

Kuna zoezi ambalo huwapa watoto wangu, nami nakupa wewe pia, kwa sababu hulinoa jicho bila kugharimu kitu. Tembea kutoka Dagoretti Corner mpaka Kawangware ukiitazama mipira iliyochorwa ukutani: kwa kinyozi, kwenye banda la kutazamia mechi, kwenye lango la shule ya chekechea. Mingi imechorwa kwa mapenzi makubwa, na mingi ina kosa lile lile. Mchoraji ameweka pembesita tupu. Pembesita tatu zikikutana, 120 mara tatu ni 360 kamili, hakuna ufa, na kisicho na ufa hakiinuki. Ule si mpira, ni msega wa nyuki au sakafu ya vigae. Kosa hili si letu peke yetu. Vibao vya barabarani vya Uingereza vinavyoelekeza kwenye uwanja wa mpira vina picha ya namna hiyo hiyo, na mwaka 2017 mwanahisabati Matt Parker aliandika ombi la kutaka virekebishwe. Zaidi ya watu 20,000 walitia sahihi, serikali ilikataa. Lakini ukikutana na mchoraji wa ukutani aliyeizungushia kila pembetano pembesita tano, simama umsalimie. Huyo aliushika mpira mkononi akautazama kabla ya kuchovya brashi.

Sasa ngozi. Dagoretti ni mahali pazuri pa kujifunza ngozi, kwa kuwa machinjio yapo hapa hapa, na ngozi mbichi hutoka hapo kwenda viwandani. Ng'ombe mmoja ana ngozi nyingi tofauti. Ya mgongo ni nzito, imeshikamana, haivutiki ovyo. Ya tumbo na ya kwapa ni legevu, ukiivuta inakufuata na hairudi yote. Mkataji mwaminifu huvitoa vipande 32 katika sehemu zinazolingana. Mkataji mwenye haraka huchanganya, maana tumboni pia kuna ngozi na ngozi ni pesa. Matokeo yake hayaonekani siku ya kwanza. Niliwahi kununua mipira miwili mizuri kwa macho katika duka moja la mjini. Baada ya majuma matatu mmoja ulikuwa haujafumuka hata uzi mmoja, lakini ulikuwa umegeuka yai. Watoto walikuwa wakiupiga kwenda kulia unakwenda kushoto. Vipande vichache vya upande mmoja vilikuwa vimelegea na kujitunisha, na kitambaa cha kuviimarisha kwa nyuma kilikuwa chepesi mno kuvizuia.

Njia ya kuligundua hilo mapema ni kivuli. Mwambie muuzaji aujaze mpira mpaka ugumu wa kuchezea, kisha uushike usawa wa jicho, dirisha likiwa upande. Kipande cha ngozi ya tumbo kitatuna kama andazi kati ya wenzake waliotulia, na kivuli chake kitakuwa kirefu zaidi. Halafu mwambie autoe upepo. Wauzaji hawapendi, lakini mpira uliojaa huficha mengi. Ukiwa umelegea, uukunje. Ngozi nzuri na ile ya viwandani iliyo bora hukunjika kwa mawimbi ya mviringo na kurudi. Plastiki ya bei ya chini hufanya mikunjo mikali yenye weupe kwenye ukingo, na pale penye weupe ndipo itakapopasuka.

Ukataji wenyewe ni kazi ya mhandisi. Albrecht Dürer, mchoraji wa Nuremberg, mwaka 1525 alichapa kitabu cha vipimo ambamo aliyafungua maumbo ya nyuso nyingi na kuyalaza bapa kwenye karatasi, kama ganda la chungwa lililobanduliwa bila kukatika, ili fundi ayakate na kuyakunja. Huyo ndiye babu wa kila mkataji wa vipande vya mpira. Kwa mpira wa saizi ya 5, ambao sheria inataka uwe na mzunguko wa sentimita 68 hadi 70, kila ukingo wa kipande huwa na sentimita 4 na nusu hivi. Kingo ziko 90. Makosa ya milimita moja kwenye ukingo mmoja hayaonekani; makosa ya milimita moja kwenye kikatio hurudiwa mara nyingi na kuishia konani.

Na mshono? Kingo 90 za sentimita 4 na nusu ni zaidi ya mita 4 za mshono katika kitu unachokishika kwa mikono miwili. Ikiwa kipande kina matundu saba kila ukingo, mkono umepitisha sindano kwenye jozi 630 za matundu. Mshonaji hutumia sindano mbili kwenye uzi mmoja uliopakwa nta, moja kila mwisho. Zote mbili hupita kwenye tundu lile lile kutoka pande mbili tofauti, kisha huvutwa kwa nguvu za mabega. Mshono wa namna hii una heshima yake: uzi ukikatika mahali pamoja, upande wake wa pili unaendelea kushika. Mshono wa cherehani ya kawaida hufumuka kwa urahisi zaidi uzi ukikatika. Tenganisha vipande viwili kwa vidole gumba vyote viwili, kimoja kila upande wa mshono, uvute. Usipouona uzi, umekazwa. Ukiuona kidogo na ukarudi kujificha ulipoachia, ni wa kuvumilika. Ukibaki nje umelegea, umeshajibiwa.

Hapa ndipo Leonardo anaporudi. Karibu kila umbo katika kitabu cha Pacioli alilichora mara mbili: mara moja likiwa zima, na mara moja likiwa tupu, nyuso zote zimeondolewa na kubaki kingo peke yake kama fremu ya mbao, hata unaona kona za nyuma kupitia kwenye kona za mbele. Kabla yake haikuwa rahisi kwa jicho kuingia ndani ya umbo la nyuso nyingi. Mshonaji wa mpira anaishi humo ndani. Hushona vipande vikiwa nje-ndani, mafundo yote yakimtazama yeye, na anachokitengeneza hakioni mpaka atakapokigeuza. Vipande vikiwa vimebaki vichache, huutumbukiza mkono, akaugeuza mpira kama soksi, akatia bleda, ule mfuko wa ndani wa upepo, akailinganisha na tundu la valvu, kisha anakabiliwa na kazi ngumu kuliko zote: kufunga mlango akiwa nje.

Ule mshono wa mwisho ndio saini ya fundi. Kote kwingine alikuwa na nafasi ya kukaza kutoka ndani. Hapa anashona kwa nje huku akificha kila kitu ndani, na fundo la mwisho lazima alimeze chini ya ngozi. Utafute. Mara nyingi uko upande ulio mbali na valvu, kwenye ukingo mmoja au miwili ambayo matundu yake yamepanuka kidogo kuliko mengine. Katika mpira wa fundi hodari utautafuta dakika nzima na huenda usiupate. Katika mpira wa kazi ya haraka utauona ukiwa umesimama: mshono umejikunja, pana ncha ya uzi, pengine tone la gundi. Nikiukuta mshono wa mwisho mzuri, hupunguza ukali wangu kwenye mambo mengine. Aliyejali pale ambapo ni rahisi kutojali, kwa kawaida alijali kila mahali.

Kuna mtawa mwingine wa zama zile ambaye ningependa kumwona akikagua mpira: Fra Giovanni wa Verona. Yeye hakuchora kwa rangi. Alikata vipande vyembamba vya mbao za rangi mbalimbali na kuvipanga ubavu kwa ubavu, akatengeneza picha za kabati zilizo wazi zenye maumbo haya ya Leonardo rafuni. Kazi zake ziko katika kanisa la Santa Maria in Organo huko Verona. Watu husifu udanganyifu wa jicho. Mafundi wa mbao husifu maungio, jinsi kipande cha kivuli kinavyokutana na kipande cha mwanga kwenye kona bila kuacha ufa wa kupitisha karatasi. Ni jicho lile lile la fundi wangu wa Kawangware.

Bleda nitaisema kwa ufupi. Za utomvu wa mti wa mpira hurukaruka vizuri na ni laini mguuni, lakini hupoteza upepo haraka. Za butili hushika upepo kwa siku nyingi na ni ngumu kidogo. Kwa timu ya shule isiyo na pampu karibu, chukua butili. Utumbukize mpira uliojaa kwenye beseni la maji: mapovu yatakuonyesha panapovuja, na mpira wenyewe utakuonyesha jambo la pili. Ukijigeuza kwa nguvu kila mara ili upande ule ule uwe chini, upande huo ni mzito, kwa kawaida ni wa valvu, na mtengenezaji hakuweka uzito wa kuusawazisha upande wa pili. Mpira huo utayumba hewani.

Na ukiwa umeununua Mombasa, toa upepo kidogo ukifika huku. Dagoretti iko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi, hewa ya nje ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo upepo uliofungwa ndani husukuma zaidi. Mpira uliokuwa sawa ufukweni huwa mgumu kama jiwe hapa, na kona ndizo hulipa.

Umviringo hupimwa kwa uzi. Umbo la nyuso 32 likiwa bado bapa hujaza asilimia 86.7 tu ya tufe linalolizunguka; sehemu iliyobaki hukamilishwa na upepo, ukizitunisha nyuso. Ikiwa ngozi haitunishwi sawasawa, uzi utasema. Zungushia uzi njia tatu tofauti, kila mara ukipita katikati ya mpira, uweke alama. Maabara za FIFA, kwa mipira ya daraja la juu, haziruhusu tofauti ya zaidi ya asilimia 1.5. Kwa mzunguko wa sentimita 69 hiyo ni kama sentimita moja. Mimi kwa watoto huvumilia sentimita moja na nusu, zaidi ya hapo hapana. Uzito nao upime kwenye mizani ya duka la nyama: gramu 410 hadi 450 kwa saizi ya 5. Ukitaka kuujua mruko, uangushe kutoka mita 2 kwenye saruji. Wa daraja la juu, kwenye kipimo cha maabara, hurudi kati ya sentimita 135 na 155. Saruji yako si bamba la chuma la maabara, lakini linganisha mipira miwili na tofauti utaiona.

Mpira wa vipande 32 wenyewe si wa kale. Mdenmaki Eigil Nielsen, aliyekuwa golikipa, aliutengeneza mwaka 1962 katika kampuni yake ya Select, na dunia nzima iliuona kwenye Kombe la Dunia la mwaka 1970 huko Mexico, ukiwa mweusi na mweupe ili uonekane kwenye televisheni. Leo Kombe hilo limeuacha. Mwaka 2006 vipande vilikuwa 14, mwaka 2010 kule Afrika Kusini vilikuwa 8, mwaka 2014 vilikuwa 6, navyo huunganishwa kwa joto, bila sindano. Mipira hiyo ina sifa zake, ila ikipasuka Riruta hakuna wa kuitengeneza. Mpira wa kona 60 hutengenezeka na mtu yeyote mwenye sindano mbili na subira, na kwa viwanja vyetu vya kokoto hiyo ni sehemu ya ubora wenyewe.

Tena hushonwa hapa. Shirika la Alive & Kicking, lililoanzishwa na Mwingereza Jim Cogan, lilianza kushona mipira ya ngozi nchini Kenya mwaka 2004, kisha likaenda Zambia na Ghana, na mipira yake hubeba ujumbe wa afya kuhusu Ukimwi na malaria. Nimekagua kona za mipira ya mkono ya huku kwetu sawasawa na nilivyokagua ile ya kutoka Sialkot, Pakistan, mji unaoshonea dunia. Kuhusu Sialkot, mnunuzi makini ana swali moja zaidi la kuuliza: nani alishona? Mwaka 1997 viwanda vya huko vilitia sahihi makubaliano ya kuwaondoa watoto kwenye kazi hiyo, na hakuna kona nzuri kiasi cha kunifanya nisahau kuuliza.

Sisemi haya kuudharau mpira wa juala. Wengi wetu tulijifunza kwa huo, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 28 Agosti 2017 watoto wameurudia ule wa matambara na kamba. Hauna kona hata moja. Mviringo wake hutoka kwenye kamba inayopishana na mkono unaojua wapi pa kuongeza. Mtoto anayeusuka vizuri ana jicho tayari. Mpe wa ngozi aukague, utashangaa anavyoviona vipande vilivyotuna kabla yako.

Neno la mwisho ni kwa mwenye mpira tayari. Mara moja kila mwezi, ufute udongo kwa kitambaa chenye maji kidogo, uuache ukauke kivulini, mbali na jiko na jua, kisha uzipapase kona zote 60. Ukiona uzi umeachia tundu moja, upeleke kwa fundi siku hiyo hiyo. Tundu moja hushonwa ukiwa umekaa kwenye kigoda unasubiri. Ukingo mzima ukiachia, bleda hutokeza, nayo ikishatokeza kwenye kokoto za Riruta haimalizi kipindi cha kwanza.